Maswali yenu kuhusu Profesa Crofton, daktari wa mapafu

Swali: Huyu John Crofton ni nani, mbona hatumjui?
Jibu: Mzaliwa wa Dublin, 1912, akasomea udaktari Uingereza, na 1952 akapewa uprofesa wa magonjwa ya kifua kule Edinburgh, Scotland. Alifariki 2009 akiwa na miaka 97. Inaniuma kwamba huku mtaani jina lake halitajwi.

Swali: Mamdogo kaanza dawa za TB, vidonge vyote hivyo vya nini, si wampe kimoja chenye nguvu?
Jibu: Hapa ndo kazi ya Crofton ilipo. Miaka ya 1940 dawa ya TB iitwayo streptomaisini ilipotoka wagonjwa walichomwa sindano zake, homa ikashuka, wakanenepa, kila mtu akafurahi, halafu baada ya miezi kadhaa wengi wakarudi kitandani sababu vijidudu vilishakuwa sugu, dawa haiviui tena. Crofton alikuwa mmoja wa madaktari wa utafiti wa dawa hiyo, kwa hiyo aliyaona mwenyewe. Alipofika Edinburgh yeye na timu yake wakachanganya dawa tatu tangu mwanzo, streptomaisini, PAS na isoniazidi, maana kijidudu kikiponyoka dawa moja kinadakwa na nyingine, na makohozi yakawa yanapelekwa maabara kuangalia usugu. Wakatangaza kwamba TB inapona kabisa na madaktari wengi wakawakatalia, mpaka majaribio ya nchi nyingine yalipoleta matokeo yaleyale. Mamdogo ameze vyote jamani, asichague.

Swali: Na akishaacha kukohoa, si basi?
Jibu: Hapana! Kukohoa kunaisha mapema ila vijidudu bado vimo. Enzi za Crofton watu walimeza dawa mwaka na nusu au zaidi, na utafiti uliofupisha mpaka miezi 6 ulifanyika hapahapa Afrika Mashariki kwenye hospitali zetu, na timu ya mtafiti wa TB Wallace Fox wa Uingereza, majibu yakatoka 1972, dawa ya rifampisini ikiwemo. Yaani miezi 6 ndo imeshapunguzwa tayari, amalize.

Swali: Aliandika vitabu?
Jibu: Ndiyo, kikubwa cha magonjwa ya mapafu, na kingine cha TB mwaka 1992, akiwa na miaka 80, pamoja na Norman Horne na Fred Miller, kwa ajili ya wahudumu wa nchi maskini wasio na bingwa karibu. Hicho ndo nakipenda zaidi.

Swali: Sigara je?
Jibu: Aliipiga vita, na mkewe Eileen, naye daktari, aliongoza shirika la kupinga sigara Scotland.