Masikio yake yaachwe wazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni vyema kuwavisha farasi kofia na mapambo ya Krismasi ili watu wapige nao picha. Nilitaka kujibu kwa neno moja, hapana. Lakini kinachoniuma mimi ni hiki: sisi tukitazama simu, farasi mwenyewe anatazamwa na nani?

Desemba 2018, siku ya pili ya Krismasi, nilimpeleka binti yangu Uhuru Park, Nairobi. Mnakumbuka palivyokuwa kabla hapajafungwa mwaka 2021 kukarabatiwa: boti, ngamia, farasi, watoto na nguo zao mpya. Farasi mmoja wa kahawia alikuwa na kofia nyekundu ya Baba Krismasi. Tulipanga foleni hadi miguu ikauma. Zamu yetu ilipofika ndipo nikaona lastiki ya ile kofia imebana sikio la kushoto, limelala kama jani lililonyauka. La kulia lilizunguka peke yake, mbele, nyuma, likifuata kila filimbi. Binti yangu, miaka sita wakati huo, akauliza, "Mama, mbona anasikiliza na moja?"

Nikamwambia kijana aliyeshika hatamu, "Kaka, hebu mtoe hiyo kofia."

"Mama, bila kofia watu hawapandi."

Lakini akaitoa. Farasi akatikisa kichwa, akapuliza pua kwa nguvu, sikio likasimama. Pale lastiki ilipokuwa, manyoya yalikuwa yamelowa jasho. Kijana akaivaa kofia yeye, akasimama kando ya farasi, tukapiga picha. Iko sebuleni hadi leo.

Farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala nyuma ya mkia. Masikio ndiyo mlinzi wake. Ukiyafunga, halafu kitu kiningʼinie karibu na jicho, atashtuka akimbie, na mgongoni kuna mtoto wa mtu.

Nilipoanza kuandika ningepiga marufuku kabisa. Sasa namkumbuka yule kijana, na nyasi za Januari lazima zinunuliwe. Basi wavisheni, ila shingoni tu, utepe mwepesi unaofunguka ukivutwa, na uvuliwe picha ikiisha. Blanketi jekundu juani hapana, maana farasi hujipoza kwa jasho kama sisi. Na akilaza masikio nyuma, mshusheni mtoto, hata kama mzazi ameshalipa.