Niliita "marketplace", wateja wakaniuliza duka liko wapi

Juzi kijana mmoja wa Korogwe kanitumia ujumbe: "Kaka, nataka kufungua marketplace yangu mtandaoni, nipe mbinu." Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata. Neno hilo limenilia pesa, likaniondolea na rafiki.

Mwaka 2021 tulianza wawili, mimi na mwenzangu niliyesoma naye. Tanga mjini wauzaji ni tele: mama wa khanga, jamaa wa viazi vya Lushoto, machungwa ya Muheza, friji za mtumba. Tukasema tuwakusanye ukurasa mmoja, kila mtu auze chake, sisi tuchukue ada kidogo. Jina likawa Tanga Marketplace. Hoja ya mwenzangu ilikuwa kwamba tangu Facebook walete Marketplace yao 2016, nani asiyelijua neno hilo? Tukachapisha mpaka fulana.

Simu ya kwanza: "Duka lenu liko barabara ya ngapi?" Ya pili vilevile, na ya kumi. Ngamiani, hapa Tanga mjini, mitaa tunaihesabu kwa namba, mtu anataka atajiwe namba tu aje zake, nami namba sina. Kisha mama mmoja akanunua machungwa, nusu yakawa yameoza. Hakumtafuta muuzaji, alinitafuta mimi. Nikamweleza, mama, sisi hatuuzi, sisi ni marketplace. Kimya. Halafu: "Maketi nini, mwanangu?" Nilimrudishia 18,000 yake kutoka mfukoni mwangu.

Nikaenda kwa shangazi yangu, anauza unga na kunde soko la Mgandini. Nilimpelekea fulana. Aliitazama huku kopo liko mkononi, unga umesimama kilima juu ya ukingo.

"Hapo mwenye mali nani?"

"Kila mtu na yake, shangazi."

"Na wanakuja kila siku?"

"Hapana, wengi Jumamosi."

"Si gulio hilo?"

Akammiminia mteja unga wake, akamtupia na nyongeza, fulana akaitandika chini ya gunia la kunde. Mpaka leo ipo pale.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini usiku ule nilikaa na maneno yetu nikaona ujinga wangu. Waingereza walikuwa na "market", wakataka kutaja uwanja wenyewe mjini ambapo watu hukutana kuuziana, wakabandika neno la pili, "place". Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa "-ni": soko, sokoni. Soko la mahindi likiporomoka, hakuna paa lililoanguka, bei ndiyo iliyoanguka. Ukisema sokoni pamejaa, hapo kuna miguu, jasho na harufu ya nguru mkavu. Na hatukuishia hapo. Soko lenyewe tulilichukua kwa Waarabu tukalifanya letu. Gulio lina siku yake, na Mzigua akisema kugula ana maana ya kununua, neno liko mlangoni kwetu. Wazee wa pwani wana chete, nalo ni gulio vilevile. Mnada ni pa kunadi, bei inaitwa kwa sauti, kama samaki wanavyonadiwa pale soko la Deep Sea boti zikiingia. Duka lina mwenyewe, na machungwa yakioza unajua pa kwenda kugomba. Kila neno lina masharti yake ndani, mteja anayajua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Mimi nikayaacha yote nikachukua moja lisilomwambia mama yule kitu.

Nilipopendekeza tubadili jina, mwenzangu aliniambia nina mawazo ya kijijini. Akajitoa, na picha zote za bidhaa akazifuta. Sijasahau.

Tukawa Gulio la Jumamosi, yaani nikawa, maana nilibaki peke yangu. Miezi ya katikati naiacha, ilikuwa ya kulala njaa na kubembeleza watu. Ila swali la duka lilikufa wiki ileile. Gulioni kila mtu ana mkeka wake, ukipunjwa unamfuata mwenye mkeka. Jumamosi iliyopita nimehesabu wauzaji 63, na mmoja kaniletea kuku nyumbani kwa shukrani. Waliosema kijijini waje wahesabu nao.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Korogwe, mbinu yangu ni jina. Kabla ya nembo, kabla ya programu ya simu, kaa uijue biashara yako ni duka, soko, gulio au mnada, kisha iite hivyo. Jina kwanza. Mtihani wake rahisi: litaje mbele ya mama anayeuza vitumbua, akikuuliza "ndiyo nini?", rudi ukatafute lingine. Vijana tunaona haya kuita gulio gulio, kisha tunawalaumu wateja kuwa washamba! Wateja gani washamba, wakati pesa wanayo wao?

Na mwenzangu yule yumo. Kila Jumamosi anaweka friji zake kwenye Gulio, ada analipa mapema kuliko wote, salamu hajawahi kuiandika.