Usikate ncha: kwa mnaosoma jenomu ya mpox

Wiki iliyopita kijana mmoja wa shahada ya uzamili kutoka Bukavu aliniandikia: "Dada, nimeunganisha jenomu ya mpox ila ncha zinanisumbua. Msimamizi anasema nizikate tu niendelee. Nifanyeje?" Jenomu ni DNA yote ya kirusi; mashine huisoma vipandevipande, nasi huviunganisha. Nilimjibu kwa ufupi siku ileile. Jibu lote naliweka hapa, maana najua wengi wenu mnakusudia kufika hukohuko: jenomu yenye jina lako kwenye hifadhi ya kimataifa.

Mimi pia niliambiwa nikate, tena mbele za watu. Nilikuwa nimesimama na grafu yangu kwenye kikao cha maabara, mtu mwenye cheo akasema marudio ya kwenye ncha, yaani herufi za DNA zinazojirudia, ni takataka, eti nateketeza fedha za mradi kwa herufi zinazosema jambo moja. Wenzangu wakacheka. Mpaka leo linaniuma, sifichi.

Virusi vya familia ya ndui vina DNA ndefu ya nyuzi mbili. Ya mpox ina herufi 197,000 hivi. Mwishoni nyuzi hizo zinajikunja na kuungana, kwa hiyo ncha hazina uwazi. Kila ncha ina kipande cha herufi 6,400 hivi, na cha kushoto ni kilekile cha kulia kilichogeuzwa. Ndani yake mna marudio mafupi yaliyofuatana bega kwa bega. Si habari mpya: mwaka 1978 mtafiti Bernard Moss na wenzake walizionyesha ncha pacha za vaksinia, kirusi cha chanjo ya ndui, kwa darubini ya elektroni.

Sasa soma kwa Illumina, mashine inayosoma DNA kwa vipande vifupi, vya herufi 150. Kilichotoka kushoto na kilichotoka kulia hutavitofautisha. Programu ya kuunganisha inavirundika mahali pamoja. Ukivipanga juu ya jenomu ya rejea, ile iliyokwisha kusomwa ya kulinganishia, alama ya uhakika wa mahali inakuwa 0, maana programu haijui ni ncha ipi, na programu ya kutafuta mabadiliko inavipita kana kwamba havipo. Kwenye grafu yangu ya jenomu iliyounganishwa hivyo, mstari wa kina, yaani idadi ya vipande vilivyosoma kila mahali, ulikuwa umetulia katikati yote ya jenomu, halafu ulipofika kwenye kipande cha ncha ukapanda ghafla mara mbili. Hiyo ndiyo grafu iliyochekwa. Mara mbili ile haikuwa uchafu. Zilikuwa ncha mbili zimelaliana.

Nikaomba kutumia Nanopore, mashine inayosoma DNA kwa vipande virefu. Kuhangaikia vitendanishi ni hadithi ndefu, nairuka. Vipande virefu vilipotoka, nilitafuta vile vinavyoanzia kwenye eneo lisilojirudia na kuvuka ncha nzima, na nikavipata. Hapo kushoto kukawa kushoto na kulia kukawa kulia. Nanopore hukosea herufi moja inapojirudia mfululizo, kwa hiyo nilisahihisha kwa data ya Illumina. Zitumieni zote mbili. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje alifungua ukurasa wa marudio kabla ya mwingine wowote, akauliza, nikajibu kipande kwa kipande. Nilitoka pale nimenyoosha shingo, na nilistahili.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu marudio ni silaha. Mwaka 2012 watafiti Nels Elde, Harmit Malik na wenzao walikuza kwenye seli za binadamu vaksinia iliyoondolewa jeni ya E3L, kinga yake kuu dhidi ya PKR, protini ya seli inayozuia virusi. Kirusi kikaongeza nakala za jeni nyingine, K3L, jenomu ikatanuka. Badiliko zuri lilipopatikana ndani ya K3L, nakala za ziada zikaweza kupungua. Inafunguka na kujifunga kama kodiani ya taarabu. Mwaka 2024 watafiti wa Hispania nao walionyesha kwamba marudio mafupi ya mpox ni mahali penye mabadiliko mengi. Ukikata, umekata hapo hapo kirusi kinapofanyia kazi.

Ukichora mti wa ukoo wa virusi, yafunike marudio, yaani yasihesabiwe kwenye mti. Mimi pia huyafunika, kwa sababu yanaupotosha mti. Lakini kufunika si kufuta. Usipojua idadi ya marudio, weka alama ya N, yaani herufi isiyojulikana, usijaze kwa kunakili rejea. Na data ghafi ipakie yote, ili mwenye vipande virefu kesho aweze kuirudia.

Ndugu zangu, tuache unyonge wa kutii kila mwenye cheo. Huyu kijana wa Bukavu yuko Kivu Kusini, Kongo. Ni huko, Kamituga, ambako mlipuko wa mpox wa kundi la Ib, tawi la kundi la I, ulianza kujulikana mwaka 2023, na kirusi chake kilikuwa kimepoteza kipande kilichotegemewa na kipimo cha PCR cha kutambua kundi la I. Hilo halikuwa rudio, lilikuwa pengo, lakini lilionekana kwa sababu kuna watu walioisoma jenomu nzima. Msimamizi akikwambia ukate, mwonyeshe grafu ya kina na alama zile za 0, kwa heshima, na umwombe akueleze kwa maandishi ni sababu gani ya kisayansi inayokutaka uzitupe.