Uliza Saa na Usafiri Kabla ya Mshahara: Niliyojifunza Katika Mashamba ya Spalding

Mwezi uliopita mdogo wangu wa ukoo, ambaye analima kabichi Lushoto kama tulivyolima sote kwetu, alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa mkataba wa kazi ya mashambani nchini Uingereza, akauliza swali moja tu: "Kaka, pauni kumi na mbili na kitu kwa saa ni pesa?" Ni pesa. Lakini mimi niliyeishi na kufanya kazi katika wilaya ya South Holland tangu Januari 2015 najua kwamba kiwango cha saa ndicho kitu cha mwisho cha kuuliza, kwa kuwa chini yake kuna sheria, na waajiri wengi wa kazi za mikono huku hulipa kilekile cha sheria au kukizidi kidogo. Kinachomtenga anayeweka akiba na anayekopa nauli ni mambo mawili ambayo hayakuonekana katika picha ile: utapewa saa ngapi kwa wiki, na utafikaje kazini.

Wilaya yenyewe iko mashariki mwa Uingereza, katika kaunti ya Lincolnshire, na mji wake mkuu ni Spalding, unaopitiwa na mto Welland. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 95,100, ambao wengi wao wanaishi Spalding, Holbeach, Long Sutton, Crowland na vijiji vilivyotawanyika katikati. Ardhi ni bwawa la zamani lililokaushwa kwa mifereji na pampu kwa karne kadhaa, na ni tambarare kiasi kwamba sisi wa milima ya Usambara huchukua muda kuizoea: ukisimama mlangoni unauona mnara wa kanisa la kijiji cha tatu. Udongo wake ni miongoni mwa udongo bora kabisa wa kilimo nchini humo, na juu yake huota kabichi, koliflawa, brokoli, viazi, vitunguu, maboga na maua ya dafodili na tulipu.

Mgeni huyatazama mashamba akadhani kazi iko humo. Sehemu kubwa ya ajira iko chini ya mapaa ya bati, katika viwanda vya kufungashia, vyumba vya baridi na maghala ya malori, kwa sababu wilaya hii hailimi tu, bali hupokea mazao ya nchi nyingine na kuyapanga kwa ajili ya supamaketi. Wiki yangu ya kwanza kwenye mkanda wa maua nilifungua maboksi ya waridi yaliyoandikwa Naivasha, nikacheka peke yangu hadi msimamizi akauliza kuna nini. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kwa ndege ili nije kuwakata miguu jirani zangu.

Ukielewa jinsi supamaketi inavyoagiza, utaelewa kwa nini saa za kazi hupanda na kushuka. Mboga na maua hayakai, kwa hiyo duka huagiza kwa siku, na idadi hubadilika kwa kufuata hali ya hewa na kalenda: jua likiwaka ghafla watu hununua saladi, likitoweka saladi hubaki. Februari 14 na Siku ya Akina Mama, ambayo kwa Waingereza huangukia Machi au siku za mwanzo za Aprili, maua huhitaji mikono mara mbili au tatu ya kawaida. Oktoba ni maboga. Desemba ni vikabichi vidogo vya mlo wa Krismasi. Mwenye kiwanda hawezi kuajiri moja kwa moja watu wa wiki yake yenye shughuli nyingi kuliko zote, hivyo huajiri wa kutosha wiki ya kawaida, na waliobaki huletwa na wakala. Wewe mgeni ndiwe "waliobaki". Kiwanda kikipungukiwa na oda, hasara haianzi kwake, huanza kwenye saa zako.

Mimi nilikuja kumfuata mke wangu, ambaye ni mwuguzi, na viza yangu iliniruhusu kufanya kazi yoyote. Nilijiandikisha kwa wakala mmoja aliyeniambia kuna "kazi ya kutwa nzima", nami sikuuliza kutwa nzima maana yake nini. Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa tunasimama kando ya kituo cha mafuta, watu kumi na wanne wenye mifuko ya chakula, Walithuania, Wapolandi, Walatvia na mimi, tukisubiri gari dogo ambalo nauli yake ilikuwa pauni 6 kwa siku. Kima cha chini wakati huo kilikuwa pauni 6.50 kwa saa. Siku ya tatu tulifanya kazi saa mbili tu, mkanda ukasimama kwa kukosa oda, tukakaa kwenye chumba cha chai bila malipo hadi dereva aliporudi mchana. Hesabu ya siku hiyo ni rahisi: pauni 13 toa 6. Kwa wiki ile ya siku nne nilipata saa 19, yaani pauni 123.50, nikitoa nauli zilibaki 99.50, na chumba chetu kilikuwa pauni 85 kwa wiki. Bila mshahara wa mke wangu ningerudi Lushoto kabla ya theluji kuyeyuka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala yeyote liwe hili: "Je, mkataba unanihakikishia saa ngapi kwa wiki, na nikifika kazini nikarudishwa, nalipwa nini?" Ipo mikataba isiyoahidi hata saa moja, na ni halali. Usikubali jibu la mdomo kwamba "kazi ipo nyingi", kwa sababu msemaji huenda hadanganyi. Anazungumzia Machi yenye oda nyingi za maua, na wewe utakuwa kibarua wake hadi Juni.

Swali la pili ni nani hasa mwajiri wako. Uwakala wa vibarua ni jambo la kale katika nchi hii ya mifereji: sheria ya mwaka 1867 ilibidi itungwe kukataza watoto wa chini ya miaka minane wasiingizwe katika vikundi vya vibarua wa mashambani. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akienda kuokota viazi na kikundi cha wanawake, wakisubiri gari barabarani kama sisi. Mwaka 2004, baada ya waokotaji wa kombe za baharini (jamii ya chaza) wasiopungua 21 kutoka China kuzama katika ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, usiku mmoja wa Februari, Bunge lilipitisha sheria inayomlazimu kila anayepeleka vibarua katika kilimo, ufungashaji wa mazao na uokotaji wa kombe kuwa na leseni. Orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni. Litafute jina la wakala wako humo kabla hujampa nakala ya pasipoti, na ukiona jina lililoko kwenye hati ya mshahara si lile lililoko kwenye mkataba, uliza siku hiyohiyo.

Hati ya mshahara nayo isomwe. Tangu Aprili 2019 mwajiri anapaswa kuonyesha idadi ya saa pale ambapo malipo hubadilika kulingana na saa, nami nilikuwa naandika saa zangu kwenye daftari dogo la mfukoni kila ninapovua glavu. Mara mbili daftari lilishinda. Vilevile hesabu wiki: kibarua wa wakala akishafanya kazi ileile mahali palepale wiki 12, sheria humpa haki ya malipo ya msingi sawa na ya aliyeajiriwa moja kwa moja, na kukatika kwa zaidi ya wiki sita kwa kawaida hurudisha hesabu mwanzo. Wengi huhamishwa huku na kule bila kujua kwamba kuna hesabu iliyokuwa inaendelea.

Kuhusu kazi ya shambani yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa anayelima hafundishwi kuinama. Dafodili huchumwa likiwa bado limefumba, kumi kumi, likafungwa kwa mpira, na utomvu wake huwasha ngozi mpaka ikatoka vipele usipovaa glavu ndefu. Nilivaa fupi siku moja nikajuta wiki mbili. Koliflawa hukatwa kwa kisu na kufungashwa palepale shambani, juu ya mtambo mpana unaokokotwa na trekta, ambao haukusubiri. Anayelipwa kwa idadi ya mafungu ajue kwamba jumla ya malipo yake, ikigawanywa kwa saa alizofanya, haipaswi kushuka chini ya kima cha chini.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, ambaye mkataba wake ni wa viza ya msimu. Viza hii huruhusu kufanya kazi miezi sita tu, haimruhusu mtu kuja na familia, na mwenye kuitoa nafasi hupaswa kumlipa mfanyakazi angalau saa 32 kwa wiki. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21, kwa hiyo saa 32 ni pauni 390.72. Makazi mara nyingi ni karavani ndani ya shamba; kwa kiwango cha mwaka huo, mwajiri wa mtu anayelipwa kima cha chini aliruhusiwa kutoza hadi pauni 10.66 kwa siku, yaani 74.62 kwa wiki, na akizidisha anakuwa amemshusha chini ya kima. Zinabaki pauni 316.10 kabla ya kodi, chakula, na deni la viza na tiketi ya ndege. Miezi sita ya kiasi hicho huweza kumsaidia kijana asiyedaiwa. Kwa anayedaiwa ni hadithi nyingine: mwaka 2022 nilifanya kazi na kijana kutoka Kirgizistani aliyempa mtu wa kati fedha za mkopo ili "amtafutie nafasi", na miezi minne ya kwanza ilikwenda kwenye deni hilo. Sheria ya Uingereza humkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Anayekudai fedha hizo Dar es Salaam au Nairobi, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi, mkimbie.

Wanaoniuliza kuhusu kazi ya kuhudumia wazee, ambayo ilileta Waafrika wengi vijijini huku baada ya 2022, wajue kwamba tangu Julai 22, 2025 waajiri hawawezi tena kuleta wahudumu wapya kutoka nje kwa njia hiyo. Anayekuuzia barua ya udhamini ya kazi hiyo leo anakuuzia karatasi.

Jambo la wenyeji huulizwa kwa sauti ya chini. Katika kura ya maoni ya 2016, asilimia 73.6 ya wapiga kura wa wilaya hii walitaka kujitoa Umoja wa Ulaya, kiwango kilichozidiwa na wilaya moja tu nchini, ile ya majirani zao wa Boston. Mimi sikutukanwa zaidi ya nilivyotukanwa katika stendi za mabasi kwetu. Malalamiko niliyoyasikia kwa mzee jirani yalihusu kodi za nyumba, foleni ya daktari na mishahara isiyopanda, na mengi nilikuwa nayalalamikia mimi pia.

Kwa aliye na ruhusa ya kukaa, nasaha yangu kubwa ni leseni ya udereva. Mabasi ya vijijini hukoma mapema jioni, na zamu huanza saa kumi na mbili asubuhi. Asiye na gari huchukua kazi iliyo kwenye njia ya gari la wakala, si kazi iliyo bora. Nilijaribu baiskeli maili tisa, nikidhani tambarare ni rahisi, kumbe upepo hauna mlima wa kuuzuia, na barabara hupakana na mitaro mirefu ya maji ambayo ukungu ukishuka huioni. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha unapaswa kufaulu mitihani yao, wa nadharia na wa barabarani. Usifanye kosa langu la kuanza kujiandaa mwezi wa kumi tangu nifike. Nilifeli kwenye kipilefti, kwa kuingia bila kumpisha anayetoka kulia kama tunavyosukumana kwetu, miezi 12 ikaisha, nikarudi kwenye kituo cha mafuta alfajiri kwa wiki kumi na moja.

Nilipofaulu, nilinunua gari kuukuu, bima yake ikazidi bei ya gari lenyewe, na bado hesabu ilikubali, kwa sababu ndani ya mwezi nilipata ajira ya moja kwa moja katika kiwanda kilichokuwa maili kumi na nne, chenye saa 40 zilizoandikwa na mafunzo ya foklifti baada ya nusu mwaka. Asubuhi ya kwanza nilipita pale kituoni, nikawakuta wenzangu wawili wanaokwenda upande uleule. Tulikubaliana pauni mbili kila mmoja kwa ajili ya mafuta.