Mtoto hajabalehe, je nimuachie tu simu?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Niko Kisenyi hapa Kampala, mume wangu ni dereva wa lori anaenda Juba, nyumbani anakaa siku chache tu. Kijana wetu ana miaka 11, yuko P5, nikilala ananichukulia simu anajifunika blanketi anaangalia vidio mpaka bando linaisha, asubuhi anasinzia darasani. Nikimkataza shemeji ananiambia niache, ati mtoto hajabalehe hana dhambi, akikua atajua. Nimechoka, nataka kuivunja hiyo simu. Inafaa?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Pole sana, kulea peke yako baba yuko barabarani si kazi ndogo na Allah anaona. Nimeona nikujibu haraka kwa sababu hilo neno la shemeji yako nalisikia mpaka misikitini siku hizi, na linaniumiza maana wanalitundika kwenye hadithi ya Mtume s.a.w.

Hadithi ni kweli, kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa watu watatu na mmoja wao ni mtoto mpaka abalehe. Lakini imeinuliwa kwa nani? Kwa mtoto! Wewe na baba yake yenu inaandika usiku na mchana. Hasan bin Ali alikuwa mdogo kabisa alipochukua tende ya sadaka akaitia mdomoni, babu yake Mtume s.a.w akamwambia "kikh kikh" aiteme, akamuuliza hujui kwamba sisi hatuli sadaka? Kama dini ni "akikua atajua" si angemuacha ameze, tende moja tu? Na swala tumeambiwa tuwaamrishe wakiwa na miaka 7, wakati bado si faradhi kwao. Sasa huyo anayesema subiri abalehe, atamfundisha nini mtu ambaye ameshazoea miaka na miaka kulala saa nane za usiku? Hiyo si huruma, ni wakubwa kukwepa kazi yao, na shemeji aache kumbebesha Mtume maneno hayo.

Sijasema simu ni haramu. Korona ilipofunga shule Machi 2020 watoto wengi hapa Uganda walikaa nyumbani karibu miaka 2, simu zikazoeleka mikononi mwao na wazazi hawakuwa na namna. Ila Mtume s.a.w alikuwa hapendi mazungumzo baada ya Isha, basi ikishaswaliwa Isha simu iingie chini ya mto wako, badilisha namba ya siri, na bando nunua la siku usinunue la wiki. Mchana mpe muda unaojulikana, ukae karibu, halafu atoke akacheze mpira. Na wewe mwenyewe dada usimnyang'anye halafu ukabaki nayo TikTok mpaka usiku wa manane, anakuona.

Baba naye asidhani akituma mobile money amemaliza ulezi, hadithi ya "kila mmoja wenu ni mchunga" haikumtoa dereva. Akifika Juba apige, amsikilize kijana akisoma sura aliyohifadhi madrasa, wiki nzima mtoto hasikii sauti ya baba unategemea nini?

Kuivunja hapana, Mtume s.a.w amekataza kupoteza mali na hiyo simu ndiyo inapokea pesa yenu ya matumizi, tena ukiivunja leo kesho atakuwa kwa jirani na huko hutajua anaangalia nini.