Re: Mama aache dripu atumie unga wa uyoga?

Habari dada, pole sana kwa kuuguza. Unauliza kama mama aache dripu za saratani ya tumbo atumie unga wa uyoga, kwa kuwa umesoma unaua seli za saratani maabara. Tafadhali, asiache. Nimemuuguza shangazi kwa ugonjwa huohuo, na kopo la unga kama huo nililinunua.

Kwanza soma lebo: ni uyoga gani? La shangazi liliandikwa "uyoga asilia" tu, basi. Lentinani, dawa inayotoka kwenye uyoga uitwao shiitake, iliidhinishwa Japani mwaka 1985 kwa saratani ya tumbo, lakini hiyo ni sindano ya mshipani, iliyotolewa pamoja na tibakemikali (dawa za saratani kama za dripu za mama), na kazi yake hasa ni kuamsha kinga ya mwili. Unga wa kukoroga kwenye uji ni kitu kingine kabisa.

Mpelekee daktari kopo lenyewe kabla mama hajaonja hata kijiko. Kama ni mboga, uyoga mamama wa dukani uive vizuri. Shangazi kila nyama ilimnukia chuma. Uyoga wa tui la nazi ndio pekee aliumaliza, akaomba na mchuzi. Wa porini usiuguse.