Gia Iliyong'ang'ania Shafti

SWALI: Ndugu Mhariri, nina sanduku la gia la mashine ya zamani ya kukoboa mahindi, nami nataka kuzitoa gia zake nizitumie kwingine. Moja imekataa kutoka kwenye shafti, na nyundo imeshamega jino lake. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, weka nyundo chini, kwa sababu meno ya gia nyingi yametiwa ugumu kwa moto, hivyo yakipigwa humeguka badala ya kupinda. Kwangua grisi iliyoganda, kisha mulika tochi utafute pete ya chuma iliyojificha kwenye mfereji wa shafti, au skrubu ndogo iliyozama kitovuni mwa gia, yaani sehemu yake ya katikati inayoshika shafti, maana mara nyingi tunalaumu kutu kumbe kuna kizuizi ambacho hakijafunguliwa. Paka mafuta ya kulegeza kutu, uyaache usiku kucha. Kesho yake tumia kifaa cha kuvutia beringi chenye kucha tatu, zikishika kitovu wala si meno, ukaze boliti yake taratibu.

Ikigoma, futa mafuta yote na uipashe moto gia, si shafti: tundu la milimita 20 likiongezewa nyuzi 100 za Selsiasi hupanuka takriban milimita 0.024, na upenyo huo mara nyingi hutosha. Chuma kikigeuka manjano ya majani makavu, joto limeshapita nyuzi 200 na meno yameanza kupoteza ugumu. Nakusihi uvae miwani ya kazi. Kama shafti huihitaji, ikate kwa msumeno karibu na gia, kisha itoboe katikati hadi ilegee.